Mokambo: pile ya bei ya chini au ya bei ya juu, ipi inadumu zaidi? Jibu liko ndani ya chombo

Jua linapozama Mokambo, kwenye mpaka wa Haut-Katanga na Zambia, biashara haifungwi. Malori yaliyopanga foleni yanazima injini, wapanda baiskeli wa mwisho kutoka upande wa Mufulira wanashusha mizigo yao, na juu ya meza ndogo kando ya barabara zinaanza kuwaka taa nyeupe, moja moja. Ni taa za LED. Ndani ya kila moja mna pile mbili au tatu.

Pile, ambazo wengine bado wanaziita mawe ya tochi au majiwe ya radio, zinauzwa kando ya sabuni, viberiti, mishumaa na chumvi. Kuna zile za bei ya chini, ambazo mara nyingi huuzwa mbili mbili au moja moja, na kuna zile zinazong'aa, zilizofungwa kwenye kadi, ambazo bei yake ni mara mbili, tatu au zaidi. Mnunuzi mwenye makuta machache mkononi anabaki na swali moja: nichukue ipi?

Wauzaji wengi watamwambia kwamba ya bei ya juu ndiyo inayodumu. Ni kweli. Lakini kudumu na kuokoa makuta si jambo moja. Kuna chombo ambacho pile ya bei ya juu inakulipa, na kuna chombo ambacho unapoteza franka zako bure. Tofauti inatokana na mzigo ambao chombo kinaibebesha pile.

Kwa nini swali hili ni zito

Kwa takwimu za Benki ya Dunia, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni karibu mtu mmoja tu kati ya watano anayefikiwa na umeme, na vijijini hali ni mbaya zaidi. Hata Lubumbashi, wakaaji waliounganishwa na SNEL wanajua maana ya usiku mzima bila umeme. Kwa familia nyingi za eneo la Sakania na vijiji vyake, umeme wa kwanza kuingia nyumbani haukupitia kwenye waya. Uliingia ndani ya pile.

Hali hii si ya Kongo peke yake. Utafiti wa wachumi wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba katika nchi kadhaa za Afrika watu wa vijijini wameacha taa za mafuta na mishumaa na kuhamia kwenye taa za LED zinazotumia pile, bila mradi wowote wa serikali kuwasukuma. Soko peke yake ndilo lililoleta mabadiliko hayo. Utafiti huo huo uliona pia kwamba pile zilizoisha zinatupwa vyooni na porini. Tutarudi hapo.

Pile ni umeme wa bei ndogo ukiinunua moja, na umeme wa bei kali sana ukihesabu mwaka mzima. Makuta yanayotoka kila wiki kwa ajili ya tochi na radio ni makuta ya unga wa mahindi, ya sabuni, au ya kuongezea minervali ya mtoto. Na muuguzi anayepokea mtoto usiku katika kituo cha afya kisicho na umeme hawezi kukubali tochi izime katikati ya kazi. Kwa hiyo inafaa kujua kitu hiki kinavyofanya kazi.

Aina mbili kwenye meza moja

Karibu pile zote za volti 1.5 zinazouzwa sokoni ni za aina mbili. Ya kwanza ni pile ya zinki na kaboni. Asili yake ni kazi ya Mfaransa Georges Leclanché, mwaka 1866. Miaka 20 baadaye, Mjerumani Carl Gassner aliigeuza kuwa pile kavu, isiyomwaga maji unapoibeba. Ndani yake, kikopo chenyewe ni zinki. Katikati kuna kijiti cha kaboni, na kati ya viwili hivyo kuna unga mweusi wa manganizi uliolowa dawa. Pile inapofanya kazi, inakula kikopo chake yenyewe. Ndiyo maana pile ya namna hii ikiisha na kusahauliwa ndani ya tochi, ukuta wake unatoboka na maji yake yanaharibu chombo.

Ya pili ni pile ya alkalini. Iliboreshwa miaka ya 1950 na mhandisi kutoka Kanada, Lewis Urry, na kuanza kuuzwa mwaka 1959. Nayo inatumia zinki na manganizi, lakini zinki yake ni unga uliowekwa katikati, na kikopo cha nje ni chuma. Unga una sehemu nyingi zaidi za kukutana na dawa kuliko ukuta wa kikopo, kwa hiyo umeme unatoka kwa urahisi na kwa wingi.

Kwa ukubwa wa AA, ule wa rimoti na tochi ndogo, pile nzuri ya alkalini inabeba takriban miliampea 2,000 hadi 2,800 kwa saa ikitumiwa polepole. Ya kaboni ya ukubwa huo inabeba takriban 400 hadi 1,000. Maana ya namba hizo ni rahisi: chombo kinachokula miliampea 100 kwenye pile yenye 2,000 kingefanya kazi saa 20. Neno lenyewe ni «kingefanya», kwa sababu hapo ndipo hesabu ya darasani inapoachana na hesabu ya sokoni.

Mzigo ndio unaoamua

Kila mkaaji wa Mokambo amemwona mpanda baiskeli anayevusha mifuko ya unga. Mpe mfuko mmoja, atakwenda siku nzima kwa mwendo wake na jioni bado ana nguvu ya kupiga gumzo. Mpe mifuko minne, atakwenda mwendo mfupi kisha asimame, akihema. Kwa jumla ya safari zake zote za siku, aliyebebeshwa kupita kiasi anafanya kazi ndogo kuliko yule wa mfuko mmoja. Nguvu nyingi imepotea katika kuhema.

Pile inafanya vivyo hivyo. Ndani yake kuna kizuizi kinachopinga umeme kutoka. Mzigo ukiwa mwepesi, kizuizi hicho hakionekani. Mzigo ukiwa mzito, sehemu kubwa ya nguvu inageuka kuwa joto ndani ya pile yenyewe, volti inashuka haraka, na chombo kinazima huku pile bado ina nguvu iliyobaki. Katika pile ya kaboni kizuizi hicho ni kikubwa, na kinazidi kukua kadiri pile inavyozeeka. Katika pile ya alkalini ni kidogo.

Ndiyo sababu wataalamu hawapimi pile kwa namna moja tu. Kanuni za kimataifa za IEC, zenye namba 60086, zinapima kila aina kwa kuiga chombo. Kwa pile ya AA, kipimo cha radio katika matoleo ya awali kiliipa mzigo wa omu 43, saa 4 kwa siku, hadi volti ishuke kufikia 0.9. Huo ni mzigo mwepesi, takriban miliampea 30. Kipimo cha mchezo wa watoto wenye mota kinaipa omu 3.9, saa 1 kwa siku, hadi volti 0.8. Huo ni mzigo mzito, zaidi ya mara kumi ya ule wa radio.

Matokeo ya vipimo vya namna hii, kwa namba za mviringo, yanaonekana hivi. Kwenye mzigo wa radio, pile nzuri ya kaboni inafika kama saa 30, na ya alkalini kama saa 75. Kwenye mzigo wa mota, ya kaboni inafika kama saa 1 na robo, na ya alkalini kama saa 6. Ziangalieni vizuri namba hizo. Kwa mzigo mwepesi, alkalini inadumu mara mbili na nusu ya kaboni. Kwa mzigo mzito, inadumu karibu mara tano. Pile ni zile zile, chombo ndicho kilichobadilika.

Hesabu ya mama wa nyumbani

Tuseme, kwa mfano tu, pile ya kaboni inauzwa franka 500 na ya alkalini franka 1,500. Bei za kweli zinapanda na kushuka pamoja na kwacha na dola, lakini njia ya kuhesabu haibadiliki: gawa bei kwa saa.

Kwenye radio ndogo, pile ya kaboni ya franka 500 ikifanya saa 30, kila saa inagharimu franka 17 hivi. Ya alkalini ya franka 1,500 ikifanya saa 75, kila saa ni franka 20. Hapo aliyenunua ya bei ya chini ndiye aliyefanya vizuri, hata kama jirani yake anamcheka.

Kwenye mchezo wa mtoto au tochi kali, pile ya kaboni inafanya saa 1 na robo, kwa hiyo kila saa ni franka 400. Ya alkalini inafanya saa 6, kwa hiyo kila saa ni franka 250. Hapo pile ya bei ya chini ndiyo iliyomla mnunuzi.

Kutoka hapo tunapata kanuni ya kubeba kichwani. Kama alkalini inauzwa chini ya mara mbili ya kaboni, chukua alkalini kwa kila kitu. Kama inauzwa mara tatu au nne, weka kaboni kwenye radio na saa ya ukutani, na alkalini kwenye tochi kali na vyombo vyenye mota. Kama inauzwa zaidi ya mara tano, haikulipi, isipokuwa pale ambapo kuzimika ghafla kunaweza kuhatarisha maisha.

Ukubwa nao unahesabiwa. Miliampea 100 ni mzigo mwepesi kwa pile kubwa ya D, ile nene ya tochi za zamani, lakini ni mzigo mzito kwa pile nyembamba ya AAA. Tochi nyingi za kuvaa kichwani zinazopendwa na wachimbaji na wavuvi zinatumia AAA tatu na taa kali. AAA haifikii nusu ya nguvu ya AA. Ukiijaza za kaboni katika tochi ya namna hiyo, usishangae ikififia kabla usiku haujafika nusu.

Vyombo nane, mizigo nane

Saa ya ukutani ndiyo nyepesi kuliko vyote. Inakula chini ya miliampea 1, na pile ya kaboni inaweza kukaa humo mwaka mzima. Rimoti inakula kidogo na kwa sekunde chache tu kila inapobonyezwa, kwa hiyo nayo kaboni inaitosha.

Radio ndogo ya FM ni nyepesi ikisikilizwa kwa sauti ya chini. Sauti ikipandishwa, spika inadai zaidi. Radio zile mpya zenye nafasi ya USB, kadi na taa za rangi ni jambo lingine: ukizicheza muziki kwa sauti kubwa, si mzigo wa radio tena.

Taa ndogo ya LED ya kusomea inakula miliampea 20 hadi 50. Tochi ya zamani yenye balbu ya waya inakula 300 hadi 500. Hii ndiyo maana LED imeyaondoa mafuta nyumbani: pile zile zile zilizokuwa zikiisha kwa usiku mbili tatu kwenye balbu, zinaweza kumwangazia mwanafunzi wiki kadhaa kwenye LED.

Tochi kali ya LED ya kutazama mbali, kinyume chake, inaweza kula zaidi ya balbu ya zamani. Neno LED peke yake si dhamana ya uchumi. Na mwisho kuna vyombo vyenye mota, kama michezo ya watoto na mashine za kunyolea, ambavyo vinaimaliza pile ya kaboni bila huruma.

Neno moja kuhusu idadi: pile tatu zilizopangwa moja nyuma ya nyingine hazikupi saa mara tatu. Zinajumlisha volti, si saa. Na ile iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayoamua mwisho wa safari. Ndiyo maana kuchanganya pile mpya na ya zamani ni kupoteza ile mpya. Ya zamani inaisha kwanza, zile nyingine zinaendelea kuisukuma kwa nguvu, nayo inapasuka na kumwaga.

Kusoma maandishi kabla ya kulipa

Hakuna haja ya kumwamini muuzaji, wala rangi ya karatasi. Pile nyingi zina herufi zinazosema ukweli. Tafuta R6, R03 au R20: herufi R peke yake ni kaboni. Ukikuta LR6, LR03 au LR20, ile L mbele ina maana ya alkalini. Namba ni ukubwa: 6 ni AA, 03 ni AAA, 20 ni D. Kwenye baadhi ya pile za kaboni utaona pia UM-1 au UM-3, alama za zamani za Kijapani kwa D na AA.

Maneno ya Kiingereza «Heavy Duty» au «Extra Heavy Duty» yanadanganya wengi. Yanafanya mtu afikiri kwamba ni pile ya kazi nzito. Kwa kweli ni jina la biashara la pile za kaboni zilizoboreshwa kidogo. Pile ya alkalini huandikwa wazi «Alkaline» au «Alcaline». Kama imeandikwa alkalini lakini herufi ni R6 bila L, au ni nyepesi kupita kiasi mkononi, iache mezani. Alkalini ya kweli ina uzito unaohisi. Tazama pia mwaka wa mwisho wa matumizi: pile ya kaboni inazeeka dukani haraka kuliko alkalini, hasa katika joto. Kukagua ubora wa bidhaa zinazoingia ni kazi ya OCC, lakini kwa vitu vinavyouzwa viwili viwili kando ya barabara, jicho la mnunuzi ndilo ofisi ya mwisho.

Pile juu ya manjanja

Nilikuwa mtoto Lubumbashi mwezi wa Aprili 1997, wakati AFDL ilipoingia mjini. Watu wazima hawakutoka sana. Walikusanyika kwenye nyumba yetu kwa sababu baba alikuwa na radio ya pile nne nene. Kila mmoja alitaka kujua askari wamefika wapi na nani anatawala. Siku ya tatu sauti ilianza kukwaruza, kisha ikawa kama mtu anayesemea ndani ya kisima. Maduka yalikuwa yamefungwa. Baba alitoa zile pile, akazipanga juu ya manjanja ya jiko la nje, zichomwe na jua. Saa sita mchana zilirudi ndani, na radio ikasema tena kwa muda mfupi. Sijasahau watu wazima walivyosogeza vichwa ili wasikose neno.

Kila familia ya Katanga inajua dawa hiyo. Je, inafanya kazi? Kidogo. Joto linaharakisha kazi ya dawa ndani ya pile, na volti inapanda kwa muda. Lakini sehemu kubwa ya nafuu ile haitoki kwenye jua. Inatoka kwenye kupumzika. Pile ya kaboni iliyofanya kazi kwa kufululiza inaziba kwa ndani na kuchoka. Ukiipumzisha masaa kadhaa, inajirekebisha na kurudisha sehemu ya nguvu. Kivulini pia ingepona, na bila kukauka. Jua linakausha dawa na kufupisha maisha yaliyobaki. Kuing'ata au kuigonga kwa jiwe ni hatari zaidi, kwa sababu kikopo kilicholika kinapasuka. Na kuiweka karibu na makala ya mbabula ni kutafuta ajali: inaweza kulipuka usoni.

Kwa hiyo fundisho ni hili: wenye radio mbili au tochi mbili watumie pile za kaboni kwa zamu. Leo hizi, kesho zile. Zinadumu zaidi kuliko kuzichosha kwa mfululizo. Kwa alkalini, faida ya kupumzisha ni ndogo.

Usiitupe, ihamishe

Pile inayoshindwa kuwasha tochi kali bado haijafa. Tochi ilitaka nguvu nyingi kwa mara moja, nayo haikuweza. Ipeleke kwenye radio, itafanya kazi siku kadhaa zaidi. Radio ikikwaruza, ipeleke kwenye saa ya ukutani. Ni kama mzee aliyeacha kubeba mifuko: bado anaweza kuchunga mlango.

Wengi wanafanya hivyo tayari bila kufundishwa, na wale wanaojitengenezea taa kwa kuunganisha pile tatu zilizochoka na LED moja wanafuata mantiki hiyo hiyo. LED nyeupe inahitaji takriban volti 3. Pile tatu zilizoshuka hadi volti 1 kila moja bado zinafikisha 3. Zitawaka kwa mwanga mdogo, lakini zitawaka.

Zinki iko Kipushi, pile inatoka mbali

Kuna uchungu mmoja ambao mnunuzi wa Mokambo haufikirii anapolipa. Vitu viwili vikubwa ndani ya pile, vya kaboni na vya alkalini, ni zinki na manganizi. Zinki iko Kipushi, karibu kabisa na Lubumbashi, katika mgodi uliofunguliwa mwaka 1924, ukafungwa 1993, na kuanza kutoa tena zinki mwaka 2024. Manganizi iko Kisenge, Lualaba, ambako kazi ilivunjika katikati ya miaka ya 1970 vita vya Angola vilipofunga reli ya Benguela. Hata hivyo, pile nyingi zilizo mezani zimesafiri kutoka China.

Haikuwa hivyo daima katika ukanda huu. Ng'ambo ya Luapula, mjini Mansa, Zambia ilijenga kiwanda cha pile wakati wa Rais Kenneth Kaunda, katika eneo lenye manganizi yake. Barabara fupi kutoka Mansa kwenda Copperbelt inapita katika ardhi ya Kongo, karibu kilomita 70 kutoka Chembe hadi hapa Mokambo. Kiwanda hicho kilifungwa miaka ya 1990, uchumi ulipofunguliwa na bidhaa za nje zikaingia. Kenya nayo ilikuwa na kiwanda cha Eveready mjini Nakuru. Kilifungwa mwaka 2014.

Matokeo yake ni kwamba mwanga wa nyumbani unategemea mpaka. Agosti 2024, Zambia ilipofunga kwa siku chache mipaka ya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania kutokana na mgogoro wa kibiashara juu ya bia na vinywaji baridi, wakaaji wa mpakani walikumbuka tena kwamba mlango ukifungwa, meza nazo zinaanza kupungukiwa.

Baada ya kuisha

Pile za leo za AA, AAA na D kwa kawaida hazina zebaki kama zile za zamani. Hilo halizifanyi kuwa takataka ya kawaida. Maji ya alkalini yanaunguza ngozi na macho. Ukikuta unga mweupe ndani ya radio, usiuguse kwa mkono mtupu: tumia kitambaa chenye siki au limau, kisha kausha. Pile isitupwe kisimani, chooni wala motoni. Pale ambapo hakuna mahali pa kuzikusanya, ziweke kwenye chupa ya plastiki yenye kifuniko, mahali pakavu, mbali na watoto.

Na zaidi ya yote, chunga zile ndogo za duara kama sarafu, zilizo kwenye rimoti ndogo, mizani na michezo. Mtoto akimeza moja ikakwama kooni, inaweza kuunguza nyama ya ndani kwa muda wa saa 2 tu. Usingoje itoke yenyewe. Mkimbize hospitali usiku huo huo, na mwambie daktari wazi kwamba ni pile.

Kwa mwenye pesa ya kuanzia, pile za kuchajiwa au taa ya jua zinaondoa sehemu kubwa ya gharama hii kwa miaka. Lakini anayesimama mbele ya meza Mokambo jioni hii, akiwa na franka za pile mbili tu, anahitaji jibu la jioni hii. Basi kabla hajauliza bei, ajiulize atakwenda kuitia wapi. Kama ni radio ya habari, ya bei ya chini inatosha. Kama ni tochi ya kumsindikiza mama mjamzito hadi kituo cha afya, aongeze makuta, achukue yenye L.